Darubini za Bei Chee

Rollie Dufek aliingia mji wetu wa Lindal siku ya Alhamisi, mwishoni mwa Novemba, msimu wa kulungu ukifunguliwa keshokutwa yake. Alikuwa na pikapu ya kijani, meno meupe, na masanduku manne ya darubini za bunduki ambazo yeye mwenyewe asingezifunga hata kwenye mpini wa ufagio. Nia yake ilikuwa kupita tu. Alitaka kahawa na sahani ya jibini ya kukaanga kwenye baa ya Arlys Tollefson, kisha aendelee zake kusini. Lakini alipoketi kaunta na kuinua macho aliona ukuta, na mtu wa kazi yake akishaona ukuta kama ule, safari imekwisha.

Kwetu kaskazini mwa Wisconsin, mtu akimfyatulia kulungu risasi na kumkosa, wenzake humkata shati. Si shati zima, sisi si watu wabaya. Hukatwa pindo la nyuma, lile linalochomekwa ndani ya suruali, na Arlys hulipigilia ukutani kwa msumari na kuandika chini yake jina na mwaka. Aliyekatwa hununulia baa nzima vinywaji mpaka Arlys aseme basi. Sheria yenyewe imeandikwa pale pale ukutani, na haina rufaa. Ukuta ule una mapindo ya wakulima, ya walimu, ya wachungaji wawili wa madhehebu yasiyosalimiana, na ya hakimu mmoja aliyejaribu kukata rufaa.

Katikati ya ukuta palikuwa na mapindo matatu ya flaneli yaliyopangwa safu moja, yote ya V. Skibba. Kando yake palikuwa na msumari wa nne, mpya, mtupu, na jina lile lile tayari limeandikwa chini yake.

"Huyu Skibba ni nani?" Rollie aliuliza.

"Yule pale," Arlys akasema, "anayejificha nyuma ya chupa ya haradali."

Mzee Verlyn Skibba alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyestaafu, mwenye miwani minene kama kitako cha glasi, na ubahili ambao hata sisi, watu wa Lindal, tuliuonea fahari. Miaka mitatu mfululizo alikuwa amekosa. Mkewe, LaDonna, alikuwa ameshashona viraka vitatu kwenye mashati matatu, na alikuwa amemwambia kwamba cha nne atajishonea mwenyewe. Kilichomuuma mzee si shati. Kilichomuuma ni ule msumari, kule kukaa kwake pale ukimngoja kama kiti cha daktari wa meno.

"Mzee, unakosaje?" Rollie akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Darubini," Verlyn akajibu.

Baa nzima ikaangua kicheko. Lakini Rollie hakucheka. Alizunguka na kikombe chake akiuliza huyu na yule, na kila aliyekuwa na pindo ukutani alimpa jibu lile lile: darubini. Hakuna aliyesema mkono ulitetemeka. Hakuna aliyesema brandi. Tena hakuna hata mmoja aliyekuwa na mpango wa kununua darubini ya maana. Watu wetu wana mashua, wana pikipiki za theluji, wana jokofu la pili gereji kwa ajili ya bia, lakini wakifika kwenye kioo cha bunduki hukumbuka ghafla kwamba babu zao walivuka bahari bila chochote. Wanataka kioo cha tajiri kwa bei ya soksi. Rollie akaagiza sahani ya pili ya jibini na kumwuliza Arlys kama ana chumba cha wageni.

Kesho yake, Ijumaa mchana, baa ikiwa imejaa watu waliokuja kula samaki wa kukaanga, Rollie alivaa glavu nyeupe. Juu ya meza ya biliadi, mbele ya dirisha linalotazama ziwani, aliweka ubao, na juu ya ubao akafunga darubini tatu zilizoelekea saa ya kanisa ng'ambo ya maji. Majina yote ameyafunika kwa utepe mweusi.

"Mabwana," alisema, "mimi siuzi kitu. Nazipeleka kwenye duka moja huko Green Bay, zimeshalipiwa. Nataka tu kujua kama macho ya watu wa hapa ni kama ya watu wengine. Msiniamini mimi. Yaaminini macho yenu."

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Gaylord Prochnow, anayeuza bima na anayejua kila kitu, mradi usimwulize mara mbili. Akainama kwenye ya kwanza.

"Ukungu," akatangaza.

Akaenda ya pili. "Aa! Hii sasa! Naona mishale ya saa!"

Akaenda ya tatu, akarudisha kichwa nyuma kama aliyenusa samaki wa juzi. "Hii ni takataka. Saa inaonekana kama pancake."

"Una jicho, bwana," Rollie akasema kwa unyenyekevu, na kubandua utepe. "Ya kwanza ni ya dukani, ya kawaida. Ya tatu inatoka Austria. Bei yake ni ya gari lililotumika. Na hii ya pili uliyoichagua wewe, bila kushawishiwa na mtu, ni Adlerhorn. Bei yake nikiitaja mtasema nawatania."

Akaitaja. Ilikuwa bei ya viatu.

Sasa tusemezane ukweli, kwa sababu Rollie hatausema. Darubini ya Austria ilikuwa ya kweli, tena safi kuliko chochote kilichowahi kuingia Lindal. Lakini darubini yoyote ya bunduki ina pete nyuma, upande wa jicho, na ukiizungusha pete hiyo vibaya, kioo bora duniani kitakuonyesha uji. Rollie alikuwa ameizungusha mno. Ndiyo kazi iliyoajiriwa darubini ile, kushindwa mbele za watu, mji baada ya mji. Ilikuwa kitu pekee cha haki alichomiliki, na bila hiyo hakuwa na mchezo. Adlerhorn nayo ilitengenezwa kwa bunduki za upepo za watoto. Aliizoa kwenye ghala la duka la vitu vya kuchezea lililofungwa, na jina lile la kishujaa alilibandika mwenyewe, jikoni kwake. Kwenye bunduki ya kulungu, risasi tatu tu, na ule msalaba wa kulengea uliomo ndani unaanza kutembea kama mtu aliyefukuzwa baa.

"Na mbona hii ya pili huoni hata kama kuna kioo?" Gaylord alizidi kushangaa.

"Ndiyo siri yenyewe," Rollie akasema akiinua kidole kilichovaa glavu. "Kioo kizuri ni kile usichokiona. Andikeni hiyo."

"Na hiyo ya Austria?"

"Hiyo natembea nayo ili nisisahau ujinga wa matajiri. Haifai kitu. Nyundo ina manufaa zaidi."

Walimsihi awauzie. Akakataa, akataja watu wa Green Bay. Wakamsihi zaidi, akasema dhamiri itamsuta. Gaylord akampeleka pembeni na kumweleza kwamba watu wa Green Bay hawajui lolote kuhusu kulungu. Hapo dhamiri ikalegea, na darubini zikaanza kutoka masandukuni moja baada ya nyingine, kila mnunuzi akiamini kwamba amemwibia mgeni. Nilikuwepo. Yangu ilitoka kwenye sanduku la pili, na niliinyakua haraka kabla hajabadili mawazo.

"Sharti moja," Rollie alituambia sote. "Nitaziwekea shabaha kwenye bunduki zenu mimi mwenyewe, kwa hiki kimashine chenye mwanga mwekundu. Msipige nazo risasi kabla ya kesho asubuhi. Gundi ya kioo bado inatulia. Na msiguse kioo kwa kidole, mafuta ya mwili yanakiua."

"Usiguse kioo," tukaitikia, kama darasa la kwanza.

Wakati wote huu mzee Verlyn alikuwa akingoja watu wapungue dirishani. Alipopata nafasi alivua miwani yake, akainama kwenye ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Na mtu mwenye macho mabovu ana mazoea yake. Kila akishika darubini, ya nani asijali, mkono wake huenda wenyewe kwenye ile pete ya nyuma na kuizungusha mpaka dunia ikae sawa. Rollie alikuwa amempa kisogo, akimfungia Gaylord Adlerhorn nyingine kwa ajili ya mwanawe. Verlyn akaizungusha pete ya ile ya tatu. Akaona saa ya kanisa. Akaona njiwa juu ya saa. Akaona kwamba njiwa yule ana jicho moja. Akakaa vile vile kwa muda, ameinama, bila kupumua. Kisha akairudisha pete ilivyokuwa, akavaa miwani yake na kwenda kuketi nyuma ya haradali.

Baada ya muda akapaza sauti. "Kijana! Mimi pensheni yangu haifiki kwenye hizo Adlerhorn zenu. Nipe hiyo mbaya."

"Ipi, mzee?"

"Hiyo inayozidiwa na nyundo."

Tabasamu la Rollie lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka. "Hiyo siiuzi, mzee wangu. Nitakuwa nakudhulumu."

"Nidhulumu tu. Nimezoea."

"Mpe mzee takataka yake!" Gaylord akafoka. "Ya nini kubishana?"

"Ni ya maonyesho..."

"Umesema haifai kitu!" Arlys akadakia kutoka jikoni. "Au inafaa?"

Rollie akamtazama Arlys, akatazama baa nzima, akamtazama tena mzee. Jasho likamtoka, na Novemba ya kwetu haina jasho. Hapo Verlyn akamhurumia, au ndivyo ilivyoonekana. Akasema hataki cha bure, ngoja akachukue kitu nyumbani. Akarudi na soksi ya sufu. Ndani ya soksi kulikuwa na darubini ya kale, chuma cheusi kimechakaa pembeni, na maandishi ya Kijerumani yamechongwa ubavuni.

"Ya marehemu mjomba," Verlyn akasema. "Alirudi nayo kutoka vitani. Basi tubadilishane, chuma kwa chuma."

Rollie aliyajua maandishi yale. Katika maisha yake hakuwahi kumlenga mnyama, lakini alijua watu wa Milwaukee wanaokusanya vitu vya vita, na alijua wanalipa nini kwa jina lile. Kwa kitu kile angenunua darubini za Austria za kufungua duka.

Akaiinua kwenye glavu zake na kutazama dirishani. Hakuona ukungu, hakuona doa. Aliiona saa ya kanisa wazi kabisa, ila mbali.

"Haikuzi," akasema.

"Za zamani hazikuzi," Verlyn akajibu. "Mjomba alikuwa anapiga wa karibu, vichakani."

"Na huu msalaba umefifia."

"Na wewe ungefifia, na vita vyote vile."

"Lakini kioo..." Rollie akanong'ona. "Kioo hiki, mzee... safi ajabu." Akatoa kitambaa cha kufutia na kukielekeza kwenye mdomo wa darubini.

"Usiguse kioo!" Verlyn akapiga kelele.

"Usiguse kioo!" baa nzima ikamwambia Rollie, kwa furaha ya wanafunzi waliomkamata mwalimu.

Akacheka, akakirudisha kitambaa mfukoni, wakabadilishana. Kabla samaki hawajaisha jikoni, pikapu ya kijani ilikuwa barabara kuu kuelekea kusini, dereva wake akiimba.

Kesho yake asubuhi, huko Milwaukee, Rollie alimfungulia soksi mzee mmoja mkusanyaji, ambaye alitandika kitambaa cha mahameli mezani kabla ya kupokea. Akaiweka darubini juu ya mahameli. Wote wawili wakainamia. Na hapo, kutoka mdomo wa mbele, akatoka mdudu mmoja mweusi mwenye mistari myekundu, wale wanaoingia majumbani kwetu kila vuli kukwepa baridi. Akasimama ukingoni, akanyoosha miguu, akageuka, akaingia tena. Baada ya kitambo akatokea upande wa jicho.

Mkusanyaji akamtazama mdudu, akamtazama Rollie, kisha akakunja mahameli yake taratibu. Darubini ya mjomba haikuwa na kioo hata kimoja. Ilikuwa bomba lenye nyaya mbili katikati. Ilianguka toka dari la zizi miaka mingi iliyopita, na kioo kimoja kilichopona LaDonna anakitumia kutungia uzi kwenye sindano anaposhona viraka vya mumewe.

Jumamosi hiyo hiyo, giza lilipoanza kuingia, sisi tulikuwa baa kwa Arlys na nguo zetu za kuwindia, za rangi ya chungwa, na hatukuwa na raha. Mkasi ulikuwa umefanya kazi tangu saa sita mchana. Mapindo saba mapya, likiwemo la Gaylord na likiwemo langu. Gaylord alisema ni upepo. Mimi nilisema ni tawi. Hakuna aliyesema darubini, kwa mara ya kwanza katika historia ya Lindal, maana tulikuwa tumezisifu mno.

Verlyn akaingia akikung'uta theluji. Arlys akaushika mkasi na kuuelekea ule msumari.

"Umeona kulungu?"

"Nimeona."

"Umepiga?"

"Sikupiga."

"Mzee, wacha utani. Ulimwona na hukupiga?"

"Nilimwona vizuri mno, Arlys." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka ibadani. "Niliona unyevu puani. Niliona kope. Yuko kule ng'ambo ya bwawa, na mimi naona kope! Nikamtazama mpaka akamaliza kula, akaenda zake. Sijawahi kumwona kulungu maishani, nimegundua. Nilikuwa naona kahawia tu."

"Basi umekosa," Gaylord akasema. "Leta shati."

"Kukosa ni kupiga. Sheria iko hapo ukutani, soma."

Arlys akasoma. Akashusha mkasi kwa huzuni.

"Kwa ile takataka?" Gaylord akauliza. "Uliona kope kwa ile takataka ya Austria?"

"Ina pete nyuma," Verlyn akasema akivua glavu. "Ukiizungusha kidogo, inakaa sawa."

Tukaanza kupiga hesabu. Ilikuwa hesabu ya pete, ya saa ya kanisa na ya bei ya viatu, kila mmoja akilini mwake, na kila mmoja akifika kwenye jibu lile lile bila kupenda. Na kabla mtu hajakohoa, mlango ukafunguka kwa kishindo, Rollie Dufek akaingia na soksi ya sufu mkononi.

"Huyu mzee ni mwizi!" akalia. "Amenipa darubini haina kioo!"

Tulimtazama. Nje, kwenye pikapu zetu, kulikuwa na bunduki zisizopungua ishirini. Nadhani alikuwa ameendesha kwa hasira kiasi cha kusahau hilo.

"Haina kioo?" Arlys akauliza polepole.

"Hata kimoja!"

"Na wewe ulitazama?"

"Nilitazama!"

"Ukasema ni safi ajabu."

"Kioo kizuri ni kile usichokiona," Verlyn akasema. "Tuliandika."

Kicheko kilianzia kona ya mbali na kikaja kaunta kama treni. Rollie alisubiri kipungue. "Sawa, chekeni. Anirudishie yangu, nami nitaondoka."

"Ipi?" Verlyn akauliza. "Ile mbaya?"

"Ndiyo."

"Inayozidiwa na nyundo?"

"Ndiyo, hiyo hiyo."

"Na umerudi safari yote hiyo kuifuata?"

Rollie akafungua kinywa, na hapo ndipo alipoziona nyuso zetu. Akaona mapindo saba mapya ukutani. Akaelewa kwamba akisema darubini ile ni nzuri, atakuwa amesema mengine yote. Akaelewa pia kwamba sisi tunajua. Na sisi tukaelewa kwamba tukimwita tapeli, keshokutwa mji mzima utajua nani alinunua kioo cha bei ya viatu na kumcheka mwenzake. Tukatazamana hivyo, mwizi na walioibiwa, wote tukiogopa neno lile lile.

"Nilikuja," Rollie akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "kwa ajili ya jibini."

"Unajua sheria ya hapa?" Arlys akamuuliza, na mkasi ukafunguka. "Mtu alenge, akose."

"Mimi sikupiga risasi."

"Wewe ulimlenga mzee wa watu," Arlys akasema. "Ukakosa."

Rollie akautazama mlango, akautazama mkasi, akaona mkasi una huruma zaidi. Akageuka mwenyewe na kuchomoa shati. Lilikuwa shati zuri, jeupe, la kuendea benki. Arlys akalikata hadi karibu na mabega, akafuta jina la V. Skibba, na kulipigilia pindo kwenye msumari wa nne. Verlyn alisimama kuangalia kazi hiyo tangu mwanzo hadi mwisho, na nilimwona akifuta miwani.

Kisha Rollie akatununulia. Arlys hakusema basi. Tulikunywa bila kicheko wala pupa, kama watu walio kazini, kila mmoja akiagiza brandi mpaka aone moyoni kwamba bei ya viatu imerudi, kisha moja zaidi kwa usumbufu. Gaylord, aliyenunua mbili, ilibidi asaidiwe kukaa wima. Pochi ya Rollie ilipobaki ngozi, Arlys akasema basi.

Tulimwacha aondoke. Nilitoka nyuma yake kuvuta hewa, na Gaylord akatoka nyuma yangu akishika ukuta, akamfuata Rollie hadi kwenye pikapu, akatazama huku na huku.

"Zile Adlerhorn," akanong'ona. "Zimebaki?"

"Zimebaki," Rollie akasema.

"Nipe mbili. Nina shemeji zangu Minnesota."

Rollie alimtazama kama mtu aliyepata ndugu ugenini. Kisha akafungua sanduku, akampa mbili bure, na upepo wa ziwani ukampiga mgongoni pale shati lilipokuwa.